Fainali Iliyokosa wa Kuiomba

Denise Caputo alianza kuwafundisha watu wa Solvik kujisifu mwishoni mwa mwezi wa nane, na baada ya majaribio mawili alikuwa ameshakubali kwamba kumfundisha ng'ombe kupanda ngazi kungekuwa kazi nyepesi zaidi.

"Haya, LaVonne, tuanze upya," alisema. Walikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu kama ishirini hivi, kila mmoja na kikombe cha kahawa iliyopauka. "Mimi ndiye mgeni. Nimekuja kukagua kama mnafaa kuandaa fainali. Nakuuliza, uwanja wenu ukoje?"

LaVonne Skogen, aliyekuwa akitawala jiko la kanisa hilo tangu aliporithi sufuria za mama mkwe wake, aliikunja leso yake ya karatasi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Upo," alisema.

"Upo vipi?"

"Upo tu. Una nyasi."

"LaVonne! Ule ni uwanja mzuri wa nyasi kuliko wote niliowahi kuukanyaga, na mimi nacheza lakrosi tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Sema hivyo hivyo."

"Hivyo siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Anayezikata zile nyasi ni Gordy, mume wangu. Watu watanionaje?"

Watu wote ukumbini walitikisa vichwa kukubaliana naye, na Gordy mwenyewe, pale kwenye kona, alikuwa amewiva masikio kwa aibu ya kutajwa tu.

Ndivyo walivyo watu wa sehemu ile ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani. Ukiwasifu, wanageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yao. Ukiwapa kitu, wanakikataa, unawapa tena, wanakataa, na mara ya tatu wanakipokea kwa namna ya mtu anayekusaidia kupunguza mzigo. Mtu akijenga ghala ambalo watu wanatoka wilaya nyingine kuja kulipiga picha, atakuambia halivuji sana. Denise alizaliwa Long Island, karibu na jiji la New York, mahali ambapo mtoto hukabidhiwa fimbo ya lakrosi, ile yenye wavu wa kudakia na kurushia mpira, kabla hajajua kushika kijiko, na ambapo mtu akitaka chumvi mezani huipigia kelele hadi jirani asikie. Alikuja Solvik kwa ajili ya mapenzi, akaolewa na Arne Engebretson, mwalimu wa kemia katika chuo kidogo cha mji huo, na miaka kumi na tisa baadaye bado alikuwa ndiye mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye duka la mboga.

Yeye ndiye aliyeanzisha klabu ya lakrosi ya wasichana chuoni. Alipoanza, watu walimtazama kwa upole wakamwuliza kama huo ni mchezo wa huko kwao. Akawaambia kwamba Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wakikimbia na fimbo zenye nyavu kwenye tambarare hizi hizi kabla babu zao wa Kinorwe hawajashuka melini wakitapika. Walilitafakari jambo hilo, wakaona ni kweli, na wiki iliyofuata mtu ambaye hajajulikana mpaka leo alileta magoli mawili aliyoyachomelea mwenyewe, akayaacha uwanjani usiku.

Klabu si timu rasmi ya chuo. Wasichana hujilipia safari, hufua jezi zao wenyewe, na huendesha magari kwa zamu. Theluji ya Minnesota haiondoki hadi mwezi wa nne uishe, kwa hiyo karibu mechi zao zote zilichezwa mbali, na fainali za klabu za vyuo, zile za mwezi wa tano, zilifanyika huko kusini, safari ya mchana na usiku. Wasichana wa Solvik walifika fainali hizo mara kadhaa. Wazazi wao hawakufika hata mara moja. Karibu wote walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa hukamuliwa alfajiri na hukamuliwa jioni, siku za harusi, siku za msiba, na siku za fainali.

Wala usiseme kwamba wangemwomba jirani awakamulie. Jirani angekubali kabla hawajamaliza sentensi. Shida ilikuwa kuianza hiyo sentensi.

Aliyemkaa Denise rohoni kuliko wote alikuwa Orrin Tollefsrud. Binti yake, Kari, alikuwa kipa wa klabu, na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake chuoni. Orrin alikuwa amewahi kuona nusu moja ya mechi yake moja, kwenye matope, kisha akaangalia saa akaenda kukamua. Majira ya kuchipua yaliyopita, waliporudi kutoka kusini, Denise, akiwa na Arne mezani kwa Orrin, alimwonyesha kwenye simu kipande kifupi cha video ambamo Kari anaruka na kuuzuia mpira kwa kifundo cha mkono. Orrin alikiangalia. Akaomba akione tena. Alikiangalia mara nyingi kiasi kwamba Arne alianza kuosha vyombo, na mwishowe akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Simu nzuri hiyo," alisema.

Denise alilia garini usiku ule. Asubuhi yake aliandika maombi ya Solvik kuwa mwenyeji wa fainali zijazo.

*

Walioomba walikuwa watatu. Wa kwanza ulikuwa mji wa kitalii huko kusini, wenye viwanja kumi vya nyasi bandia, taa, na hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Wa pili ni Solvik. Wa tatu, kwa bahati mbaya kabisa, ni Brenna, mji wa jirani, mwendo wa nusu saa kwa gari, ambako chuo cha ufundi kilikuwa kimejenga uwanja mpya. Mwenyekiti wa kamati ya kuchagua mwenyeji, Yolanda Pruitt, mwanamke wa Texas mwenye miwani mikubwa na hatua za haraka, aliona miji hii miwili iko karibu karibu, akaamua kuikagua kwa siku moja na kula chakula cha mchana na wajumbe wa pande zote mbili, pale pale chini ya kanisa la Solvik. Alidhani anaokoa muda.

Uwanja ulimpendeza. Alivua kiatu, akakanyaga nyasi kwa soksi, akasimama kidogo.

"Mungu wangu," alisema. "Hili ni zulia. Nani kafanya kazi hii?"

Watu wa Solvik waliinamia viatu vyao. Denise alimkodolea macho Gordy.

"Mvua inasaidia," Gordy alisema.

"Na upepo je? Nasikia huku kuna upepo."

Hapo ndimi zote zikafunguka. Walizungumzia upepo wa Solvik kwa ufasaha ambao Denise hakuwahi kuwasikia nao. Ulibeba hema la harusi. Ulimwangusha mchungaji na Biblia yake. LaVonne alieleza ulivyomwaga keki ya watu hamsini, tena akaonyesha kwa mikono keki ilivyoruka. Denise alimfinya ubavuni.

"Kaniuliza," LaVonne alinong'ona. "Nimdanganye?"

Chakula kilikuwa kile cha kuokwa kwenye bakuli kubwa, nyama ya kusaga na maharagwe mabichi na supu ya uyoga ya kopo, vilivyofunikwa kwa vipande vya viazi vilivyokauka vizuri juu, pamoja na chapati laini za viazi zilizopakwa siagi na sukari. Ujumbe wa Brenna uliongozwa na Harlan Moe, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, naye alikuwa mfugaji. Alipoombwa aeleze kwa nini fainali ipelekwe Brenna, alisimama, akakohoa, akaitazama dari.

"Sisi uwanja tunao," alisema. "Mpya, ni kweli. Lakini nimezitazama nyasi za hapa. Kama ningekuwa msichana mwenye fimbo, ningecheza hapa." Akakaa.

Yolanda aliacha kuandika. "Bwana Moe, unawapigia debe wapinzani wako?"

"Nasema nilichokiona."

"Hapana, Harlan," Gordy aliingilia, na ulikuwa ndio mchango wake wa kwanza wa hiari siku nzima. "Nyinyi mna vyumba vipya vya kubadilishia nguo. Vyetu vina bomba moja tu la maji ya moto."

"Lakini linatoa maji kwa nguvu. Nililitumia mwaka ule."

"Likitaka."

"Na nyinyi mna chakula hiki. Sisi wapishi wetu..." Harlan aligeuka kuwatazama wapishi wa Brenna, na wapishi wa Brenna walitikisa vichwa kumthibitishia kwamba kweli, wao hawafai kitu.

"Viti mnavyo nyinyi," LaVonne alisema kwa huruma. "Mia sita. Sisi watu wetu watakaa kwenye majani."

Yolanda alikuwa akigeuza shingo huku na huku, uso wake ukizidi kuwa wa mtu aliyekuja kununua farasi akakuta wenye farasi wawili wanasukumiana mteja. Denise alishika kichwa. Alizijua adabu hizi, alizipenda hata, lakini leo zilikuwa zinampeleka Kari kusini kwa mara ya mwisho na kumwacha baba yake zizini.

Akasimama yeye. Akapiga debe kama mtu wa Long Island anavyopiga debe. Alizisifu nyasi, alimsifu Gordy hadi Gordy akajificha nyuma ya birika, alieleza familia zilivyo tayari kulaza timu nzima nyumbani, alieleza uwanja ulivyolazwa kaskazini na kusini ili jua lisimpige kipa machoni. Alizungumza vizuri, na alijua hivyo.

"Asante, Kocha," Yolanda alisema alipomaliza. "Sasa nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe na mimi tumetoka sehemu za watu wa kelele. Wewe naamini unaitaka. Hawa je? Kuna mwaka tuliipeleka fainali kwenye mji ambao kocha mmoja aliitaka na wengine wote walikuwa na adabu tu. Wasichana walicheza mbele ya nyasi na mbwa mmoja. Nikaapa sirudii."

Kwenye sahani katikati ya meza kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha keki. Kilikuwa kipande kizima mwanzoni, kisha mtu akakata nusu, mwingine akakata nusu ya nusu, na sasa kilikuwa cha ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu huko hakuna mtu anayechukua cha mwisho. Yolanda alikichukua akakitia mdomoni. Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

"Nimekula kwa sababu nilikitaka," alisema akitafuna. "Huko kusini wameniambia wanaitaka fainali hii. Wamenipigia simu, wameniletea maua. Mimi saa tisa naondoka, na barua inatoka kesho. Kati yenu nyote, Solvik na Brenna, nataka mtu mmoja, ambaye si kocha, aniambie anaitaka. Kama hakuna, hakuna ubaya. Nitajua."

Mtu aliweka kikombe mezani polepole ili kisilie. Denise aliwatazama mmoja mmoja, watu ambao wangeamka saa nane za usiku wa theluji kumvuta mgeni asiyemjua kutoka mtaroni, na hawakuwa na uwezo wa kutamka neno moja. LaVonne alifumbua mdomo, akaufumba. Gordy alikuwa ameinama kabisa. Haikuwa kwamba hawaitaki. Waliitaka sana, lakini kwao kutaka kitu mbele ya mtu mwingine anayekitaka ni sawa na kumpokonya, na Harlan Moe alikuwa amekaa pale pale.

Denise alitazama saa ya ukutani, na chini ya saa, kando ya mlango, akamwona Orrin Tollefsrud.

Orrin hakuwa mjumbe wa chochote. Alikuwa amekuja kubeba meza, akabaki amesimama na kofia mkononi akisubiri kuzirudisha. Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mimi," alisema.

Watu waligeuka.

"Mimi naitaka."

Sauti ilikuwa ndogo, Yolanda akainama mbele ili asikie. Orrin aliizungusha kofia mkononi. Alionekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino na daktari ameshaliona.

"Binti yangu ni kipa," alisema. "Wanasema anajua. Mimi sijui kama anajua. Nimeona nusu mechi. Mvua ilikuwa inanyesha, halafu nikaenda kukamua." Akatazama mlango, na Denise alidhani amemaliza. "Nimeona ya kwenye simu. Kwenye simu anakuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Ningependa kumwona akiwa mkubwa. Harlan, nisamehe. Mama, naomba mtuletee hapa. Siwezi kusema ni kwa ajili ya mji. Ni mimi ndiye ninayeomba."

Akavaa kofia, akafungua mlango, akatoka. Meza aliziacha.

LaVonne alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Wapishi wa Brenna walitazamana. Kisha Harlan Moe akainuka taratibu, magoti yakilia.

"Basi Brenna tumejitoa," alisema. "Na viti tutavileta sisi. Tuna lori."

"Si lazima mlete viti, Harlan," Gordy alisema.

"Tutavileta."

"Mtajisumbua bure."

"Gordy, viti vinakuja."

Yolanda alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji kufutwa. "Haya," alisema. "Tumemaliza. Kuna mtu hapa ana kahawa yenye kahawa ndani yake?"

*

Denise alimkuta Orrin kwenye gari lake la mizigo, injini haijawashwa, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Nimeuaibisha mji," alisema bila kumtazama.

"Umeuletea fainali! Brenna wamejitoa. Yule mama ameshaamua."

Orrin alifumba macho. "Kwa hiyo nimemnyang'anya Harlan."

"Harlan analeta viti."

"Harlan ni mtu mwema. Ndiyo sababu ni vibaya zaidi." Alishika ufunguo wa gari. "Bev asijue nilichosema."

"Orrin, LaVonne yuko ndani na simu mkononi. Mkeo alijua kabla hujafika kwenye gari."

Kwa mara ya kwanza alicheka, mguno mfupi tu wa puani. Denise alitamani kumwambia kitu, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Alitamani kumwambia kwamba kwao watu hutaka mambo kumi kabla ya kifungua kinywa, wanayataka kwa kelele na kuyasahau kufikia mchana, na kwamba hajawahi kuona mtu akitaka jambo moja kwa miaka minne kimya kimya kisha akasimama akalitoa hadharani akiwa hana ngozi ya kumkinga. Alimwona ni mtu jasiri kuliko yeyote aliyewahi kukutana naye. Lakini angemwambia hayo, Orrin angeliacha gari pale akaenda nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo aligonga paa la gari mara mbili kwa kiganja, kama wafanyavyo huko, na Orrin akawasha akaenda kwa ng'ombe wake.

Majira yote ya baridi Orrin hakuonekana kwenye mkahawa wa asubuhi. Watu hawakulitaja jambo lile hata kidogo, na walimlinda kwa namna yao. Alipoingia duka la vyakula vya mifugo, mazungumzo yalihamia kwenye theluji kwa kasi ya ajabu.

*

Mwezi wa tano ulifika, na viti vikaja. Viwili viwili, kwa mistari iliyonyooka, vijana wa Brenna walivipanga kandokando ya nyasi za Gordy. Timu zilifika kwa magari yaliyojaa mifuko na soksi zinazonuka, wasichana wakalala kwenye vyumba vya watoto walioshakua na kuondoka, na asubuhi walikuta mayai, nyama, mikate na jibini kwa wingi kiasi kwamba nahodha mmoja kutoka Arizona alimwuliza Denise kama kuna sherehe ya dini.

Denise mwenyewe alipanga ratiba. Alizibana mechi zote za Solvik katikati ya mchana, baina ya ukamuaji mmoja na mwingine. Siku ya kwanza Orrin alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na uzio, akaona mechi nzima. Solvik walishinda. Alisema jua lilikuwa zuri. Siku ya pili walicheza nusu fainali, na hapo ndipo radi ilipopiga mbali kule upande wa magharibi, mwamuzi akasimamisha mchezo kama sheria inavyotaka, na kila radi iliposikika tena muda wa kusubiri ulianza kuhesabiwa upya. Wasichana walipopewa ruhusa ya kurudi uwanjani, kipindi cha pili kilikuwa bado hakijaisha na jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Walikwenda sare hadi filimbi ya mwisho. Muda wa nyongeza, goli la kwanza linamaliza mchezo.

Denise, pale kwenye mstari, aligeuka kumtafuta Orrin na kumwona ameshavaa kofia. Alikuwa akitembea kuelekea lango. Bev alikuwa ameshatangulia nyumbani, na peke yake asingeweza. Ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa anaumia, hajui habari ya muda wa nyongeza, na Orrin hakuwa mtu wa kumwacha mnyama aumie kwa starehe yake. Denise alikuwa na mechi ya kuongoza na hakuwa na la kufanya. Alimwona anapita mbele ya viti, anapita watu wa Brenna, anampita Harlan Moe aliyekuwa akila soseji kwenye mkate.

Kisha akasimama. Akarudi hatua moja.

"Harlan," alisema.

"Naam."

Denise alikuwa karibu kiasi cha kusikia, na aliapa baadaye kwamba uwanja mzima ulikuwa kimya, ingawa huenda haukuwa.

"Nenda ukanikamulie."

Harlan aliweka soseji juu ya kiti. Alikuwa amevaa mabuti ya zizini tangu asubuhi, chini ya suruali yake ya kanisani. "Nilidhani hutasema kamwe," alisema. "Wangu wanakamuliwa na wanangu. Kuna mkorofi?"

"Wa mwisho upande wa kushoto. Anapiga teke."

"Bev yupo?"

"Yupo."

"Basi kaa." Harlan akamwachia kiti chake, cha mstari wa mbele, pamoja na soseji, na akaondoka kwa hatua ndefu za mtu anayekwenda kazini.

Orrin alikaa. Hakugusa soseji. Mpira ulirushwa katikati, fimbo zikagongana, na wapinzani wakaupata. Walikuja kwa kasi, msichana wao mrefu akajizungusha akapiga chini, na Kari akaangukia mguu mmoja akauzima mpira kwa fimbo. Watu wa Solvik walipiga makofi ya kistaarabu. Mpira ukaenda mbele, ukapotea, ukarudi. Kari aliuzuia wa pili kwa kifua, ukalia kama mlango uliobamizwa. Orrin aliinuka kwenye kiti. Hakujua kwamba ameinuka.

Wa tatu haukuzuilika. Ulitoka nyuma ya goli, pasi moja, mkono mmoja, na wavu ukatingishika nyuma ya Kari kabla hajageuka. Wageni walirukiana katikati ya uwanja wakipiga mayowe. Wasichana wa Solvik waliketi pale pale walipokuwa. Kari alibaki amepiga magoti golini, kichwa na kofia yake nzito vimeinamia nyasi, na Denise alianza kumkimbilia.

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilikuwa kubwa, ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajawahi kuitumia kwa kazi hiyo, na Denise mwanzoni hakuitambua.

"Yule ni binti yangu!"

LaVonne alishtuka akamwaga kahawa. Watu wa Solvik waligeuka, na kwa kuwa hawakujua mtu aangalie wapi jirani yake anapofanya jambo kama hilo, wakamwangalia yeye. Orrin Tollefsrud alikuwa amesimama juu ya kiti cha Brenna, mkono mmoja umenyooka kuelekea golini, machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

"Yule kipa! Mmeona alivyokuwa anaudaka mpira? Ni wangu yule! Ni binti yangu mimi!"

Kari alivua kofia. Alitazama huku na huku akiitafuta sauti, nywele zimemganda usoni kwa jasho, hadi alipomwona baba yake juu ya kiti. Orrin akavuta pumzi akaanza tena kwa nguvu zaidi, ili na wale wageni wa mbali kule ng'ambo, waliokuwa wakishangilia ushindi wao, wasikie.